Busaa ya Mtoto wa Sabato

Nililelewa katika nyumba ambayo hata chai haikunywewa. Tuliilima, tukaichuma, tukaibeba mgongoni hadi kituo cha kupimia majani kila siku isipokuwa Jumamosi, lakini kikombe chake hakikuwahi kuwekwa mbele ya mtu kwetu. Baba alikuwa mzee wa kanisa, kanisa letu la Jumamosi, na alisema kitu kinachokuumiza kichwa ukikikosa ni bwana wako. Sisi tulikunywa uji. Kwa hiyo ndugu zangu waliposikia kwamba mimi, binti wa mzee yule, nimepika busaa, pombe ya kienyeji, kwa mikono yangu, walicheka wakidhani ni utani. Natamani ungekuwa utani.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka kwetu Kisii nikaja kukaa na binamu yangu aliyefanya kazi kwenye shamba la chai upande wa Kericho, na huko nikampata kijana wa Kipsigis, karani wa kupima majani kituoni. Mambo yakaenda kama yanavyokwenda. Mimba ilipoanza kuonekana nilihamia kwao, kwenye mteremko kati ya Chepseon na Kedowa, bila ng'ombe kutoka kwao wala baraka kutoka kwetu. Baba alituma neno moja tu kupitia kwa binamu: nisikanyage kwake mpaka wazee wa huko waje waseme wamenichukua. Tena si mzee yeyote. Miaka michache tu ilikuwa imepita tangu watu wa makabila yetu wakimbizane mpakani na kuchomeana nyumba. Baba alitaka kumwona mkubwa wa ukoo, mtu ambaye akisema neno linakaa.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Mkubwa wa ukoo alikuwa kaka ya baba mkwe wangu. Boma lake lilikuwa chini ya letu, ungeweza kusikia akikohoa asubuhi, na ndugu hao wawili hawakuwa wakisemezana. Kisa kilikuwa mstari mmoja wa michai mpakani. Kila mmoja alidai ni wake, basi hakuna aliyethubutu kuuchuma, na michai isipochumwa haingoji mtu. Ilikua ikawa miti kabisa, ndege wakajenga humo. Nikipita hapo kwenda mtoni nilikuwa naitazama kwa chuki, kwa sababu ndiyo iliyonizuia kuwa mke wa mtu.

Majirani walizungumza na kaka huyo, niliyemwita baba mkubwa, muda mrefu. Mwisho akakubali, lakini akaweka sharti. Wapatane kama baba zao walivyopatana: chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, na pombe iwe ya wimbi, ipikwe ndani ya nyumba ya mdogo wake na mwanamke wa nyumba hiyo. Mtu mmoja alipendekeza inunuliwe, akamkatiza.

"Ya kununua ni ya kulewa," alisema. "Ya nyumbani ndiyo ya kupatana."

Sasa nyumba hiyo ilikuwa na wanawake wanne. Mama mkwe alikuwa ameokoka, na alipookoka alivunja vyungu vyake vya pombe mbele ya watu, kimoja baada ya kingine, akiimba. Wake wa shemeji zangu wawili wakubwa walikuwa wanakwaya. Jioni ile tumekaa jikoni, baba mkwe amesimama nje akizungumza na mlango, kwa maana kwetu sote, kwao na kwetu, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani usoni. Alieleza sharti la kaka yake. Wanakwaya wakainamisha vichwa. Mama mkwe akasema, "Mimi hata kufunika hiyo chungu siwezi. Mungu aliniona nikivunja."

Kisha nikahisi macho yananigeukia.

"Huyu ametoka Kisii," mmoja wa wanakwaya akasema polepole. "Si huko wanajua busaa sana?"

Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto. Kisii nzima ilikuwa imewekwa kwenye chungu kwa neno moja. Nilitaka kumwambia kwetu hata chai hatunywi. Lakini nilikuwa mgeni, tumbo limetangulia mbele, nakula chakula cha watu ambao hawajanilipia hata mbuzi. Kukataa kitu cha kwanza nilichoombwa? Na pombe yenyewe ilikuwa njia ya mimi kwenda kwetu tena. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Najua."

Sikujua chochote. Nilijua harufu yake tu, kwa sababu jirani yetu mmoja alikuwa akipika, na tukipita kwake kwenda kanisani mama alituambia tuzibe pua. Huo ndio ulikuwa ujuzi wangu wote wa busaa, kuziba pua.

Mficha uchi hazai, nami nilikuwa karibu kuzaa, basi nikajikaza. Siku ya soko nilikwenda Chepseon, nikazunguka kwenye vitunguu na kwenye kabeji mpaka nikampata mama mmoja ambaye watu walisema anapika. Nikajifanya namuulizia dada yangu. Alinitazama juu na chini, akatazama tumbo, akacheka kidogo, lakini alinieleza. Wimbi uloweke, ukishashiba maji uufunike na majani kwenye gunia pahali penye giza mpaka uchipue, uanike, usage, hicho ni kimea. Unga wa mahindi uukande na maji, uufunike hadi uchache, halafu uukaange juu ya bati mpaka uwe kahawia. Ndipo uchanganye na kimea na maji.

"Ukishachanganya muachie siku mbili," alisema. "Usimharakishe. Yeye mwenyewe atakuambia yuko tayari, utamsikia anaongea."

Nikarudi nyumbani nikirudiarudia maneno hayo kama mtoto aliyetumwa dukani.

Wimbi ulichipua vizuri, hilo nitajisifu. Niliuficha chini ya kitanda chetu, na chumba kikanuka udongo wa mvua. Mume wangu, ambaye wakati huo hata sikujua kama nimwite mume, alikuwa anainua ukingo wa gunia kila akitoka kazini, anatabasamu. Unga wa mahindi nao ulichacha hadi ukawa unachoma pua. Kila nilipoufunua nilikuwa naomba. Sijui niliomba nini. Nilisema tu, "Bwana, unajua," halafu naufunika haraka, maana nilikuwa naona aibu kumtaja Bwana na mikono yangu ikinuka vile.

Wazee walikubaliana kukutana Jumapili mchana. Hesabu ilikuwa rahisi: nikaange Ijumaa asubuhi, nichanganye Ijumaa hiyo hiyo, na Jumapili pombe iwe inaongea. Ijumaa asubuhi ikanyesha. Si mvua ya kupita, ni ile ya kwetu ya milimani inayokaa kama mgeni asiye na haya. Kuni zilikuwa mbichi. Jikoni mama mkwe alikataa kabisa moto wake usikaange kitu hicho, kwa hiyo nilikuwa nimejitengea mafiga nyuma ya zizi, na zizi halikuwa na paa la maana. Ilipoacha kunyesha ilikuwa alasiri. Nikawasha, moshi ukaniingia machoni, nikawasha tena. Nikaweka bati, nikamwaga unga, nikaanza kuugeuza na koleo. Mgongo uliniuma na mtoto alikuwa akinipiga mateke kama anakataa. Unga wa mwisho ulipogeuka kahawia, niliinua kichwa na kuona jua linagusa milima ya upande wa Kericho.

Hapo nikaweka koleo chini.

Mtu ambaye hakulelewa kama mimi hawezi kuelewa, na sijawahi kupata maneno ya kumweleza. Jua la Ijumaa likitua, kazi imeisha. Haikuwa sheria ya kufikiria, ilikuwa ya mwili. Tangu nikiwa mdogo, jua hilo likitua sufuria zimeshaoshwa, kuni zimeshaingizwa, nguo za kesho zimeshapigwa pasi, na baba anaanza wimbo. Mikono yangu ilijiachia yenyewe. Nilikuwa nimeloweka pombe, nimechipusha pombe, nimechachisha na kukaanga pombe juma zima bila Mungu kunizuia, lakini kuikoroga Sabato! Hapana, hilo nisingeweza. Nilifunika unga na bati, nikaoga, nikakaa kitandani nikaimba peke yangu kwa sauti ya chini.

Mume wangu alikuja akauliza kama nimechanganya.

"Kesho jioni," nikasema.

"Yule mama si alisema siku mbili?"

"Kesho ni Sabato."

Alinitazama. Alikuwa mtu mpole, na nadhani aliona kwamba nikisukumwa nitalia. Akasema tu, "Sawa, wewe ndiye unajua." Na neno hilo likanichoma kuliko angenigombeza.

Jumamosi nzima nilikaa. Nilisoma, nikalala, nikaenda hadi mtoni nikarudi. Kila nikipita nyuma ya zizi nilikuwa nageuza uso. Jua lilipozama tu, nikakimbia. Nikachanganya unga, kimea na maji kwenye chungu kikubwa tulichoazima, nikakoroga, nikainamisha sikio. Kimya. Nikamtuma mume wangu dukani Kedowa akalete hamira, nikifikiri ikiumua mikate itaumua na hii. Alirudi na kikopo cha baking powder. Mwenye duka alimwambia ni kitu kimoja. Nikamimina yote.

Lo! Povu likapanda hadi mdomoni mwa chungu, likafanya kelele. Nilipiga makofi. Nikamwambia, "Unasikia? Anaongea!" Tukasimama pale tumeshikana mikono kama wazazi. Muda mfupi baadaye povu likashuka, na chungu hakikusema neno tena.

Jumapili mama mkwe na wanakwaya walikwenda kanisani. Waliporudi, wazee walikuwa wameshaketi kwenye nyumba ya duara iliyokuwa stoo ya mahindi, ndiyo iliyofagiliwa kwa ajili hiyo. Chungu kilikuwa katikati. Upande mmoja baba mkwe, upande wa pili baba mkubwa, na majirani watatu waliopatanisha. Baba mkubwa alikuja na mrija wake mrefu ndani ya ala ya mwanzi iliyokwisha kuwa nyeusi kwa moshi. Alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la kijivu, na alikuwa amenyoa ndevu. Nililiona hilo, kwamba amenyoa ndevu kwa sababu ya siku hiyo.

Kazi yangu ilikuwa kuongeza maji ya moto kwenye chungu. Ilibidi niinamie pale, birika mkononi, kati ya magoti ya mtu nisiyeruhusiwa kumtazama na magoti ya mtu aliyekuwa ameshikilia ndoa yangu. Kila mmoja akatumbukiza mrija. Baba mkubwa akasema maneno ya Kipsigis, wengine wakaitikia, wakavuta.

Baba mkubwa alivuta mara ya kwanza. Akatoa mrija, akautazama mwisho wake kama umeziba. Akavuta tena. Majirani walikuwa wameshaacha kuvuta, kila mmoja anatazama paa. Hakuna aliyetema, kwa sababu walikuwa watu wenye adabu.

"Nani alipika?" baba mkubwa akauliza kwa Kiswahili, ili nielewe.

Nilikuwa pale pale na birika, ungesema nani mwingine.

"Mimi, baba."

"Hii ni uji," akasema. Hakuwa mkali. Alisema kama mtu anayetaja jina la kitu. Kisha akamgeukia ndugu yake, na hilo lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu nifike boma lile. "Wewe unaonaje? Si ni uji hii?"

Baba mkwe akavuta tena kwa uangalifu. "Ni uji," akasema. "Tena iko na kitu ya mandazi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na birika langu. Maji ya moto yalikuwa yanamwagika kwenye kanga yangu, na sikusikia hata joto lake. Niliwaza: kwisha. Atasimama, atachukua ala yake, atatelemka kwake, na mimi nitazaa mtoto asiye na upande. Yote kwa sababu nilisema najua.

"Kwa nini haikuiva?" baba mkubwa akauliza. "Ulianza lini?"

Ningeweza kusema mvua. Mvua ilikuwepo, kila mtu aliiona. Lakini sijui kwa nini, nikasema ukweli ulionitia aibu zaidi. "Nilipaswa kuchanganya Ijumaa. Jua likatua. Jana ilikuwa Sabato, sikuweza kukoroga."

Jirani mmoja akawatafsiria wenzake kwa Kipsigis, ili wahakikishe wamesikia vizuri. Baba mkubwa akaweka mrija chini.

"Ngoja," akasema. "Mungu yako alikubali upike pombe. Lakini kukoroga alikataa?"

Nikainamisha birika niongeze maji, kana kwamba ndicho alichoniomba.

Alianza kucheka tumboni kabla sauti haijatoka. Mabega yakatikisika, macho yakalowa, akamshika ndugu yake goti ili asianguke kwenye kigoda. Baba mkwe akajaribu kujizuia kwa heshima yangu, ikamshinda, akacheka mpaka akakohoa. Majirani wakaangua. Wazee watano walinicheka pale nikiwa nimesimama na tumbo langu na birika langu, nami nikaanza kulia, na kadiri nilivyolia ndivyo walivyoshindwa kuacha. Nikisema sikuumia nitakuwa mwongo. Mkono wa baba mkubwa ulikuwa bado uko juu ya goti la ndugu yake, nami niliuona, nikajua maana yake, na bado nilitaka kutoroka.

Mmoja wa majirani akauliza kama wangoje ipikwe nyingine. Baba mkubwa akakataa. "Tumekunywa chungu moja. Nani alisema lazima ilevye?" Wakaendelea kuvuta uji ule. Mama mkwe alikuja akasimama mlangoni, akaomba kikombe, akaonja. Akasema hiyo hata mchungaji anaweza kunywa, akaongeza cha pili. Walikimaliza chungu.

Basi walikwenda kwetu. Walikwenda kabla mtoto hajazaliwa, wakipitia Sotik, baba mkubwa mbele na koti lake la kijivu. Mimi nilitangulizwa jikoni kwa mama. Baba aliwapokea vizuri, akawapa viti, wakasalimiana kwa Kiswahili ambacho hakikuwa lugha ya yeyote pale. Mama na mimi tulikuwa tunasikiliza ukutani. Mazungumzo yalikuwa yanakwenda taratibu, hadi baba mkubwa alipotaka kunisifu.

Nilipomsikia akianza, "Mzee, mtoto yako anaogopa Mungu, wacha nikuambie," nilitaka kugonga ukuta anyamaze. Akasimulia yote. Chungu, unga kwenye bati, jua la Ijumaa, uji. Alisimulia kwa upendo, akicheka, kama mtu anayetoa zawadi. Nilimwangalia mama. Alikuwa ameweka kiganja mdomoni, na hakunitazama.

Upande wa pili baba hakucheka. Baba mkubwa mwenyewe akajikohoza. Kisha nikasikia baba akiuliza, "Na nyinyi mkapatana?"

"Tulipatana. Ndiyo unatuona hapa."

"Haya," baba akasema. "Tuendelee."

Akakubali. Wakaelewana juu ya ng'ombe, wakala, wakaombewa. Wakati wa kuondoka baba alinipa mkono na kuniambia nijitunze. Hakusema lolote kuhusu pombe. Njiani nilimshukuru Mungu, nikadhani nimepona.

Mtoto alipofikisha umri wa kubebwa safari ndefu, nilikwenda kwetu, na Jumamosi tukaenda kanisani. Nilitangulia mimi, baba akaja nyuma. Nikatazama benchi la mbele, pale wazee wanapokaa wakielekea watu, mahali baba alikaa tangu nikumbuke. Mtu mwingine alikuwa amekaa. Nilimwuliza mama, akaniambia kwa kunong'ona bila kugeuza kichwa. Sabato ya kwanza baada ya wageni kuondoka, baba alisimama mwenyewe mbele ya kanisa akasema nyumba yake imepika pombe, na mtu ambaye nyumba yake imepika pombe hawezi kuongoza wengine. Hakuna aliyekuwa amejua. Hakuna aliyemshtaki. Hakutaja jina langu, alisema tu "nyumba yangu."

Nikageuka. Baba alikuwa benchi la mwisho karibu na mlango, pamoja na vijana na wanawake wenye watoto wachanga. Koti lake la kanisani lilikuwa limepigwa pasi. Nilikwenda nikasimama kando yake, uso wangu unawaka. Alisogea akanipa nafasi. Aliuangalia mlango uliokuwa unaingiza upepo, akamwangalia mtoto.

"Huku nyuma kuna baridi kidogo," akasema. "Mfunike vizuri."